Walimu wawili, darasa moja: namna ya kufundisha pamoja

Walimu wenzangu, nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, naliweka lote hapa. Nafundisha Hisabati Kidato cha Kwanza na cha Pili, mwenzangu ni mwalimu wa elimu maalumu. Tuna wanafunzi viziwi wawili na mmoja mwenye uoni hafifu.

1. Kaeni pamoja kabla ya kipindi, hata dakika 10.

2. Andalio la somo liwe moja, lenye majina yenu wote.

3. Gawaneni kufundisha, msigawane wanafunzi. Hapa nilikosea muhula mzima. Nilishika ubao, mwenzangu akakaa nyuma na wale watatu. Siku moja akamwomba mtoto mwingine daftari alisahihishe, akajibiwa, "Wewe si mwalimu wa wale?" Niliumia sana. Tukabadilishana: yeye akafundisha hesabu za sehemu (nusu, robo) kwa kukunja karatasi mbele ya darasa zima, mimi nikazunguka kwenye madawati. Angalieni: msiseme wote kwa pamoja, mtoto kiziwi hawezi kutazama pande mbili. Usiongee ukiwa umeelekea ubao. Na swali umwulize mwanafunzi ukimtazama yeye, si mkalimani wake.

4. Zoezi ni lilelile kwa wote. Maandishi yakuzeni, muda ongezeni.

5. Kipindi kikiisha, ambianeni nani hakuelewa.

MASWALI

— Kwa hiyo mmoja anafundisha, mwingine anapumzika?
Soma hatua ya 3.

— Mkuu, fupisha basi, ni ndefu.
Hatua ni 5 tu.

— Shuleni kwetu hakuna mwalimu wa elimu maalumu. Nianzie wapi?
Anza na mwenzako wa Fizikia, kipindi kimoja kwa wiki. Macho manne yanaona mtoto aliyekwama mapema zaidi.

— Wangu mwenye uoni hafifu anainuka kila mara kusogelea ubao. Nifanyeje?
Swali zuri. Mwulize mwenyewe anaona vizuri akikaa wapi; wangu alitaka dirisha liwe mgongoni. Ubao ufute kwa kitambaa kibichi, chaki ionekane. Kisha tamka unachoandika: usiseme "hii toa hii", sema "7x toa 3".

— Naongezea: NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 zaidi kwa kila saa ya Hisabati, na 10 kwa masomo mengine.
Ahsante. Wapeni muda huohuo hata kwenye majaribio ya darasani, wauzoee.

— Sisi kila Jumatatu wanafunzi viziwi huwafundisha wenzao alama 5 za lugha ya alama.
Hili naanza nalo wiki ijayo. Mlianza na namba au salamu?