Sikio Nyuma ya Kanga: Ala za Kujitengenezea na Michezo ya Kumzoesha Mtoto Kusikiliza

Watoto wengi wa chekechea tunaosema "hawasikii" kazi yao kubwa ni kuangalia. Wanaangalia mdomo wa mwalimu, wanamwangalia jirani kafanya nini, kisha wanafuata. Ndiyo maana kifaa cha kwanza hapa ni kanga. Itundike kati ya viti viwili, ala ikae nyuma yake, na macho yatakosa pa kuibia.

Michezo hii inawafaa watoto wa miaka 4 hadi 6. Aliye chini ya miaka 3 asiachiwe chupa yenye punje. Kizibo kikifunguka, punje zinaishia puani au kooni.

Hatua ya 1: Kayamba za chupa, mbilimbili

Kayamba ya asili, kama ile ya Wamijikenda, ni matete yaliyofungwa pamoja na mbegu ndani. Ukiipata, usiiache. Lakini kwa darasa zima, chupa za maji za nusu lita zinatosha.

Tafuta chupa nane zinazofanana. Zioshe, uzianike bila vizibo mpaka zikauke kabisa, maana zikiwa na unyevu mchele hunata ubavuni na baadaye kuota ukungu. Chupa mbili tia mchele, mbili maharage, mbili mchanga mkavu, mbili kokoto ndogo. Pima kwa kijiko kilekile ili kila pacha alingane na mwenzake. Usivuke robo ya chupa. Punje zikikosa nafasi ya kurukaruka, sauti inakufa. Maharage yakaange makavu kwanza, la sivyo yatabunguliwa na utabaki na chupa ya vumbi. Paka gundi shingoni kabla ya kufunga kizibo, zungushia selotepu, halafu vika kila chupa gazeti ili zote zionekane sawa.

Hatua ya 2: Ngoma na chupa za soda

Ngoma haina mambo mengi: kopo la maziwa ya unga, kingo zipondwe kwa nyundo zisikate mkono, juu ivutwe tyubu kuukuu ya gari na kukazwa kwa kamba ya mpira.

Chupa nne za soda zitie maji ya vimo tofauti, ugonge kwa kijiko cha mbao. Hizi ashike mwalimu, kioo si cha kuchezea. Ukigonga, chupa yenye maji mengi inatoa sauti nzito. Ukiipuliza mdomoni, hiyohiyo inatoa sauti nyembamba kuliko zote! Unapogonga, kinachotetemeka ni kioo, na uzito wa maji unakipunguzia kasi. Unapopuliza, inatetemeka hewa iliyobaki juu ya maji, nayo ikiwa fupi sauti inapanda. Watoto usiwaeleze. Waache wabishane.

Hatua ya 3: Nani yuko nyuma ya kanga?

Anza na ala mbili tu zilizo mbali kwa sauti, ngoma na kayamba. Cheza moja, uliza ni ipi. Wakizoea, ongeza ya tatu. Kisha walete kwenye mapacha: mtoto anasikia kayamba nyuma ya kanga, naye anatikisa zilizo mbele yake mpaka apate inayolingana. Mchele na mchanga ndio mtihani mgumu, kwa hiyo viweke mwisho. Wakae watano au sita. Darasa zima likicheza kwa pamoja, wawili wanajibu na wengine wanaitikia tu.

Hatua ya 4: Mwangwi

Piga ngoma mara mbili nyuma ya kanga, nao wakujibu kwa makofi. Sharti ni moja: mikono ikae kichwani mpaka useme "haya!" Huo muda mfupi wa kungoja ndio mtoto anaishikilia sauti kichwani, na kwangu ndio uzito wa mchezo mzima. Usihesabu kwa sauti. Ongeza pigo moja moja, kisha badilisha nafasi kati ya mapigo: pa-pa… pa.

Hatua ya 5: Piga jina lako

Kila mtoto apige jina lake kwa silabi: Ju-ma, Ne-e-ma, A-sha. Halafu maneno ya kawaida. "Mtoto" ni mapigo matatu, kwa sababu ile *m* inasimama peke yake, lakini "mwalimu" nalo ni matatu, *mwa* ikiwa pigo moja. Watoto wanalisikia hili upesi kuliko watu wazima wanaolitazama limeandikwa. Mtoto anayekata maneno hivi atazikuta silabi za KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) si ngeni kwake.

Hatua ya 6: Paka na panya

Tokeni uwanjani. Paka anafungwa kitambaa machoni, panya anatembea akitikisa kayamba, wengine wanafanya duara na kunyamaza. Wewe mtazame paka. Anayegeuzia sikio moja kila mara, au anayekwenda upande usio wenyewe siku baada ya siku, huenda hasikii vizuri. Zungumza na mzazi wake faraghani, apelekwe kituo cha afya akapimwe. Sikio linalotoa usaha lisingojewe wala lisitiwe mafuta, na nta isichokolewe kwa njiti. Wakati mkisubiri majibu, mkalishe mbele, sikio lake zuri likuelekee.