Sauti ikikatakata kwenye DVD ya harusi

Umechoma DVD ya harusi ya Mji wa Kale, picha safi, lakini taarabu inakatakata kama mwenye kwikwi? Usikimbilie kulaumu deki. Kwanza cheza faili lenyewe kwenye kompyuta. Likikwama huko pia, kagua sauti: huenda ni ya hezi 44,100 (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde), kipimo cha CD ya muziki, ilhali DVD ya video hutaka 48,000. Igeuze kabla ya kuiunganisha na picha. Lakini faili likicheza sawa kwenye kompyuta, choma upya kwa kasi ya 4x badala ya 16x, na ushushe kiwango cha data cha picha hadi megabiti 6 kwa sekunde. Deki kuukuu hushindwa kusoma diski za kuchoma zilizojazwa mno. Na lenzi ya deki pangusa, jamani, vumbi la Majengo halina huruma.