Hekta Si Ekari: Piga Hesabu Kabla ya Kufungua Chupa ya Dawa

Ndugu mkulima, kila msimu naitwa kuangalia mimea iliyoungua kwa dawa ya magugu, na nikiuliza dawa ilipimwaje jibu huwa lile lile: "Nilifuata lebo." Namba kweli ilifuatwa. Kipimo kilichoandikwa kando yake ndicho kilichorukwa. Lebo inasema lita 1.5 kwa hekta, na mwenye ekari moja anamimina lita 1.5. Hekta 1 ni ekari 2.471, kwa hiyo ekari hiyo moja imenyweshwa dawa ya karibu ekari mbili na nusu.

Wanaonisikitisha zaidi ni wale wanaojua kwamba lazima wabadilishe. Namba 2.471 wanayo kichwani, kikokotoo wanacho mkononi, kisha wanazidisha pale pa kugawanya. Wanapata lita 3.7 kwa ekari, wakati kiasi sahihi ni mililita 607. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya dozi! Mtu amejitahidi kupiga hesabu, na ameharibu kuliko asiyepiga kabisa.

Acha kukariri "zidisha" au "gawanya". Andika kipimo kando ya kila namba, na kigezo cha kubadilishia kiandike kwa juu na chini, kama sehemu. Juu weka hekta 1, chini ekari 2.471: ni eneo lile lile, kwa hiyo thamani yake ni 1 na kiasi cha dawa hakiguswi, kinachobadilika ni kipimo tu. Andika hivi:

lita 1.5 / hekta 1 × hekta 1 / ekari 2.471 × mililita 1,000 / lita 1 = mililita 607 / ekari 1

Hekta ya chini inakatana na hekta ya juu, lita inakatana na lita, zinabaki mililita kwa ekari. Ukikigeuza kigezo juu chini, hekta hazikatani. Zinarundikana mbili huko chini, na ekari inapanda juu. Ukiona hivyo, futa uandike upya. Usiende shambani na jibu ambalo vipimo vyake havikukubali.

Sasa bomba la mgongoni, maana hakuna anayemwaga mililita 607 kwa mkupuo mmoja. Jioni ya kuamkia siku ya kupulizia, chukua maji matupu. Pima mraba wa mita 10 kwa mita 10. Jaza bomba hadi alama ya lita 16, pulizia mraba wote kwa mwendo wako wa kawaida, kisha rudishia maji kwa jagi lenye alama huku ukihesabu. Tuseme zimeingia lita 3.2. Basi:

lita 16 × mita za mraba 100 / lita 3.2 = mita za mraba 500

Hilo ndilo eneo la bomba moja. Hekta 1 ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo:

mita za mraba 500 × hekta 1 / mita za mraba 10,000 × mililita 1,500 / hekta 1 = mililita 75

Mililita 75 kwa kila bomba, na ekari hatukuigusa hata kidogo. Mimi njia hii naipenda kuliko zote. Ila ukibadilisha nozeli, yaani kile kichwa kinachotoa dawa, au akishika bomba mtu mwingine mwenye mwendo wake, lile zoezi la maji lirudiwe. Na hizo mililita 75 zipimwe kwa kikombe chenye alama. Nawaomba, na nasema kwa ukali: kijiko cha jikoni kisiguse dawa. Vijiko havilingani ujazo, na kikirudi jikoni kitaingia mdomoni mwa mtoto.

Ukipatia, magugu yatanyauka na mimea yako itabaki kijani.

Waliopimiwa shamba kwa futi wana mtego wao. Futi 1 ni mita 0.3048, lakini eneo lina urefu na upana, kwa hiyo kigezo kinaingia mara mbili. Ekari ina futi za mraba 43,560. Ukizidisha kwa 0.3048 mara moja utapata 13,277 na kudhani una zaidi ya ekari tatu; zidisha mara ya pili, zinakuja mita za mraba 4,047, ambazo ndizo ekari yenyewe.

Kwenye mbolea kosa ni kuchanganya ujazo na uzito. Lita 1 ya maji ina kilo 1, mbolea haiko hivyo, na kila aina ina uzito wake. Kigezo hiki utakitengeneza mwenyewe: pima vifuniko 100 vya chupa vilivyosawazishwa kwa kijiti, weka kwenye mzani, gawanya kwa 100. Ukiambiwa kilo 130 kwa hekta, hizo ni gramu 130,000 kwa mita za mraba 10,000, yaani gramu 13 kwa kila mita ya mraba. Nafasi ya kupandia ya sentimita 75 kati ya mistari kwa 30 kati ya mashina ni mita 0.75 × mita 0.30, sawa na mita za mraba 0.225, kwa hiyo kila shina linapata gramu 2.9. Kama kifuniko chako kinabeba gramu 6, shina moja ni nusu kifuniko.