Kutengeneza kadi ya masafa ukiwa Nairobi: angalia presha kwanza

Kadi ya masafa ni karatasi ya kukuonyesha kliki (hatua ndogo za kifundo cha darubini) za kuzungusha kwa kila umbali. Hii ni ya wale tayari wako na leseni na wanapiga shabaha za mbali, mita 400 kwenda juu, halafu wanashangaa mbona apu ya masafa (ya kuhesabu kliki) inasema hivi na risasi inaenda kwingine. Mara nyingi bunduki iko sawa kabisa, ni hewa ya hapa kwetu imeingizwa vibaya kwa apu.

Hatua ya 1: kaza kila kitu
Skrubu za pete za darubini zikaze na spana ya toki kwa kipimo chenye mtengenezaji ameandika, usikisie na mkono. Weka pima maji ndogo uhakikishe msalaba wa darubini uko wima, maana ukilala kidogo tu, mita 100 huoni kitu lakini mita 600 risasi inahepa kando na utalaumu upepo bure.

Hatua ya 2: ziro ya mita 100
Ziro ni kupanga darubini mpaka risasi igonge pale unalenga. Piga tano kwa karatasi moja bila kugusa kliki, hata ya kwanza ikienda vibaya, usikimbizane na risasi moja moja. Tafuta katikati ya kundi. Mili na MOA ni vipimo vya pembe vya darubini. Kwa darubini ya mili, kliki ya 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100, kwa hivyo kundi likiwa sentimita 6 kushoto na 4 chini, zungusha kliki 6 kulia na 4 juu. Ya MOA, kliki ya robo ni kama milimita 7. Piga tano zingine, ukiridhika rudisha namba za vifundo kwa sufuri.

Hatua ya 3: pima kasi
Kasi imeandikwa kwa boksi ilipimwa na mtutu wao, sio wako. Tumia kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi), piga kama kumi, chukua wastani. Na tafadhali risasi zisikae kwa jua, baruti ikipata joto kasi inapanda na hesabu yote inaharibika.

Hatua ya 4: presha
Hapa ndio watu wengi wanapotea. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha halisi ya hapa ni kama hektopaskali 830. Lakini fungua apu ya hali ya hewa kwa simu, utaona 1015, 1018 huko, kwa sababu hiyo imerekebishwa ionekane kama tuko usawa wa bahari. Ukiibeba hivyo uingize kama presha halisi, apu ya masafa inadhani unapiga kwa hewa nzito ya Mombasa, inakupa kliki nyingi kuliko unahitaji, na risasi inapita juu ya shabaha.

Kuna kosa la upande wa pili pia: unaweka 830 ya ukweli halafu apu bado imewekwa ichukue hiyo namba kama ya usawa wa bahari, pamoja na mwinuko wa mita 1,800, sasa inapunguza presha mara mbili, inakupa kliki chache na unapiga chini. Chagua njia moja. Mimi nashauri presha halisi kutoka kwa kipimo cha mkononi hapo hapo renji, apu iwekwe ichukue namba hiyo kama presha halisi, na ule mwinuko usiuingize. Simu nyingi nzuri ziko na baromita ndani, hiyo pia inatosha.

Ongeza joto la hewa, urefu wa darubini juu ya mtutu (pima kutoka katikati hadi katikati), na namba ya G7 ya risasi yako (inaonyesha vile risasi inakata hewa).

Hatua ya 5: hakikisha mbali
Nenda umbali mrefu zaidi renji inakuruhusu, siku haina upepo mwingi. Risasi zikiwa juu au chini kidogo ya hesabu, na presha umeshahakikisha, rekebisha kasi kwa apu polepole mpaka zikubaliane. Ziro usiiguse.

Hatua ya 6: andika kadi
Andika kliki za kila mita 50, na kwa kona andika presha na joto la siku hiyo. Ukishuka Mombasa, ziro ya mita 100 itabaki karibu vile vile, lakini hewa ya huko ni nzito kwa zaidi ya asilimia 15, na ukitumia kadi ya Nairobi kwa mita 600 utapiga chini na upepo utakusukuma zaidi. Tengeneza kadi ya pili ya Pwani, uiweke na rangi tofauti ndio usichanganye.