Kabla hujapunguzwa tumbo, ielewe nyongo yako kwanza

Kila aliyewahi kupasua kuku wa kienyeji anaijua ile hofu ya kutoboa nyongo, ikipasuka tu maini yote machungu na bibi anakuangalia kama umeua mtu. Sasa hiyo hiyo nyongo ndo nataka tuiongelee, maana tangu dada yangu afanyiwe operesheni ya kupunguza uzito kila wiki kuna mtu ananipigia, wa hapa Dodoma Nkuhungu, wa Area D, juzi mwingine wa Kongwa, wote swali moja tu, nianzie wapi, na wote wanaamini tumbo likishakatwa likawa dogo mambo yamekwisha. Haijakaa hivyo.

Anza na hesabu, usianze na hospitali. Chukua urefu wako kwa mita, zidisha kwa huo huo urefu, halafu uzito wako wa kilo ugawanye kwa jibu ulilopata. Dada alikuwa na kilo 102 na urefu wa mita 1.60, kwa hiyo 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 102 gawanya kwa 2.56 inakuja karibu 40, hiyo namba ndo madaktari wanaita BMI. Zamani ili ufanyiwe operesheni walitaka ufike 40, au 35 uwe na kisukari au presha, ila mwaka 2022 vyama vikubwa vya wapasuaji wa kazi hii vikashusha, 35 inatosha hata kama huumwi kitu, na ukiwa 30 mpaka 35 wanaweza kukufikiria kama una kisukari au ugonjwa mwingine unaoletwa na unene. Kama umepata 27 na shida yako ni gauni la sendofu likukae vizuri, hapa sio pako, nenda kapande mlima Simba asubuhi.

Ukishaona unaingia kwenye kundi, muone daktari. Kwa hapa Dodoma anzia hospitali ya Benjamin Mkapa au ile ya mkoa tunayoiita General, upimwe sukari, presha, damu, ini, ultrasaundi ya mfuko wa nyongo, na kile kipimo cha kumeza mpira waangalie tumbo kwa ndani. Ikibidi watakuelekeza mbele, kwa mfano hospitali ya Mloganzila kule Dar. Bima nayo uiulize mapema na wakujibu kwa maandishi, sio yule dada wa dirishani akwambie "nadhani inacover".

Sasa twende kwenye nyongo yenyewe, hapa naomba usiruke. Nyongo inatengenezwa na ini kwa kutumia kolesteroli, inatunzwa kwenye kale kamfuko, ukila mafuta inamwagika kwenye utumbo mwembamba kuyavunja vunja. Hiyo tulisoma shule. Ambayo hatukusoma ni kwamba zile asidi za nyongo zikimaliza kazi hazitupwi, karibu asilimia 95 zinafyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba zinarudi kwenye ini, na huko njiani zinabeba ujumbe. Kuna vipokezi vyake, chukulia kama kitasa na asidi ya nyongo ndo ufunguo. Kimoja kinaitwa FXR, kipo ndani ya seli, mwaka 1999 ndo wanasayansi walithibitisha kwamba kinawashwa na nyongo. Kingine TGR5, chenyewe kinakaa juu ya ngozi ya seli, kipo kwenye utumbo na hata kwenye mfuko wa chakula kipo. Nyongo ikigusa TGR5 kule chini ya utumbo, seli zinatoa homoni ya GLP-1, inayousaidia mwili kutoa insulini na kukwambia umeshiba wewe weka kijiko chini. Zile sindano za kupunguza uzito zinazosumbua mtandaoni siku hizi, Ozempic na wenzake, zinaiga hiyo hiyo homoni.

Operesheni inaingiaje hapo? Kuna aina mbili kubwa. Slivu wanakata karibu asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, unabaki kama ndizi, na sehemu inayotolewa ndo ilikuwa inatengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Baipasi wanaacha kifuko kidogo, kama mililita 30 hivi, halafu utumbo unaunganishwa upya, chakula kinapita njia yake na nyongo njia yake, vinakutana huko chini. Baada ya baipasi asidi za nyongo kwenye damu huwa zinaongezeka, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa kwa nini kuna watu sukari inashuka ndani ya siku chache kabla hata kilo hazijapungua, japo kula kidogo nako kunachangia sana. Mwaka 2014 watafiti waliwafanyia slivu panya wasiokuwa na FXR, tumbo lilikuwa dogo vile vile lakini uzito ukarudi. Ni panya, sio watu, usije ukamnunia daktari kwa ajili ya panya. Ila inaonyesha udogo wa tumbo peke yake hauelezi kila kitu.

Ndo maana ukikaa na mpasuaji muulize, mimi inanifaa ipi na kwa nini? Kama una kiungulia kikali kila siku mwambie, usione aibu, kwa sababu slivu inaweza kukizidisha na wengi wa hivyo wanapelekwa baipasi. Na wale wanaouza dawa ya kusafisha nyongo Majengo na WhatsApp, waache na chupa zao.

Wiki mbili hivi kabla ya operesheni utapewa mlo mwepesi wa wanga kidogo ili ini lisinyae, maana ini nene linamziba mpasuaji asione. Sigara acha mapema. Siku ya kurudi, kama ulifanyiwa Dar na unarudi na SGR, simama utembee tembee kwenye behewa, damu kuganda miguuni ni hatari ya kweli wiki hizo.

Ukirudi, maji ndo mtihani, na Dodoma hii ya jua na vumbi ni mtihani mara mbili, tembea na chupa unywe funda funda siku nzima. Usinywe ukiwa unakula, subiri nusu saa. Unaanza na vya maji maji, vinasagwa, vinakuwa laini, ndo unafika kwenye chakula cha kawaida baada ya wiki kadhaa. Protini kwanza, gramu 60 hivi kwa siku au zaidi, yai, samaki, maharage yaliyopondwa, halafu mlenda, ugali wa mwisho kabisa ukipata nafasi. Juisi ya zabibu yenye sukari ukiwa na baipasi inakuja na jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Wine ya Dodoma nayo inapanda haraka kuliko zamani, shauri yako.

Kukonda haraka kunaleta mawe kwenye nyongo, kwa hiyo wengi wanapewa vidonge vya ursodeoksikoliki kwa miezi 6, ambayo yenyewe ni asidi ya nyongo. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D ni maisha yote. Dawa za kisukari usiendelee na dozi ya zamani bila kuuliza, utazimia. Mimba subiri mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu, na kumbuka uzazi unarudi ghafla, vidonge vya uzazi wa mpango navyo haviaminiki vizuri baada ya baipasi.

Dada yeye alienda duka la dawa mtaani mgongo unamuuma, wakampa diklofenaki, dawa ya maumivu inayochubua tumbo, hakusema kama ana baipasi na wao hawakuuliza, ikaishia kidonda tumboni. Sasa anatembea na karatasi kwenye pochi imeandikwa aina ya operesheni, tarehe, na dawa asizotakiwa kupewa. Iandike na wewe, na chini yake ongeza: homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au kutapika mfululizo, nipelekeni hospitali usiku huo huo.