Kushona Mfuko Mwepesi wa Kamera kwa Safari za Miguu

Kamera iliyozikwa katikati ya nguo ndani ya shanta mara nyingi hubaki humo mpaka jioni, kwa sababu kulishusha shanta, kulifungua na kulipanga upya kila mandhari nzuri inapojitokeza ni kazi inayochosha. Mfuko mdogo unaokaa kifuani, kwenye mkanda wa bega wa shanta, huondoa usumbufu huo, na anayejua kushona mstari ulionyooka anaweza kuutengeneza mwenyewe ukatoshea kamera yake barabara. Kutoshea huko ndiko kunakoupunguzia mfuko uzito, kwa kuwa kila nafasi isiyo na kazi hudai kitambaa na sponji zaidi, na huiacha kamera ikigongagonga huku na huku.

Anza kwa kuipima kamera ikiwa imefungwa lenzi utakayosafiri nayo, pamoja na kifuniko cha lenzi. Chukua upana, unene na kimo, kisha ongeza sm 1 kwa kila kipimo ili mkono upate pa kupita. Tuchukue mfano wa kamera yenye upana wa sm 12, unene wa sm 6 na kimo cha sm 7: nafasi ya ndani itakuwa sm 13 kwa 7 kwa 8. Sponji ya mm 5 ikizunguka pande zote na kitako, ganda la nje litakuwa na upana wa sm 14, unene wa sm 8 na kimo cha sm 8.5. Kwa kamera nyingine badilisha tarakimu tu, hesabu ni ileile.

Kwa ganda la nje tumia nailoni nyembamba iliyofumwa kwa nyuzi za miraba zinazozuia mpasuko usienee, na iliyopakwa dawa ya kuzuia maji. Bitana iwe laini na ya rangi ya kung'aa, maana chembe ya mchanga inayoweza kukwaruza lenzi haionekani kwenye kitambaa cheusi. Sponji ichaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ile laini ya makochi haifai, kwa kuwa hufyonza maji na hubonyea kabisa inapogongwa; inayotakiwa ni ile iliyoshikana, ya aina ya mikeka ya kulalia kambini, na kipande cha mkeka uliochakaa kinatosha. Uzi uwe wa poliesta. Sindano namba 80 inatosha kwa kitambaa, na namba 90 kwa mikanda.

Kata kipande kimoja cha nje chenye upana wa sm 24 na urefu wa sm 47. Upana huo ni sm 14 na sm 8 zikijumlishwa na sm 1 ya mshono kila upande. Urefu ni kimo mara mbili, unene mara moja, sm 10 kila ncha za kukunjia mdomo, na sm 1 ya pindo kila ncha. Bitana iwe na upana uleule lakini urefu wa sm 45. Mikanda ishonwe kabla mfuko haujafungwa, kwa sababu baadaye cherehani haitaweza kufika. Sehemu ya mgongo huanzia sm 11 na kuishia sm 19.5 kutoka ncha moja. Weka kiraka cha kitambaa kwa ndani, kisha lalisha juu yake mikanda miwili ya nailoni ya mm 20, mmoja juu na mwingine chini. Kila mmoja ushonwe katikati kwa mstatili wenye msalaba ndani yake, na ncha zake zibaki huru ili zizunguke mkanda wa shanta na kufungana kwa velkro. Mkanda mmoja peke yake hautoshi, kwani mfuko utapigapiga kifua kwa kila hatua.

Kunja kipande cha nje katikati, uso kwa uso, ushone mbavu mbili kwa mishono ya mm 3. Mishono mifupi sana hutoboa kitambaa chembamba mpaka kikachanika kama stempu, na pini huacha matundu yanayopitisha maji, hivyo shikilia kwa vibanio. Sasa fungua kila kona ya chini ili mshono wa ubavu ulalie mstari wa katikati ya kitako. Pembetatu itajitokeza. Pima sm 4 kutoka kwenye ncha yake, chora mstari unaokatiza mshono, na uhakikishe una urefu wa sm 8 kabla ya kuushona na kukata kinachozidi.

Bitana hushonwa vivyo hivyo, isipokuwa mshono wa ubavu uanze sm 1 kutoka ukingoni na, baada ya sm 10 za juu, uelekee ndani taratibu hadi sm 2. Kwa njia hii bitana huwa nyembamba mahali penye sponji na hulingana na ganda la nje mdomoni. Kona zake ziwe na mstari wa sm 7.

Geuza ganda la nje, tumbukiza bitana bila kuigeuza, kisha ingiza sponji katikati: kitako sm 14 kwa 8, mbele na nyuma sm 14 kwa 8, na mbavu mbili sm 7 kwa 8. Shona mstari juu kidogo ya sponji ili isipande. Hapa mkono huwa mwepesi kuliko cherehani. Malizia kwa kukunja kingo za mdomo kwa ndani na kuzishona pamoja, ukibana kwenye kila pembe kipande kifupi cha mkanda chenye nusu ya klipu ya plastiki. Mdomo ukiviringishwa mara tatu na klipu ikachomekwa, mvua haipati njia, wala hakuna zipu ya kuingiwa na mchanga.

Kwa kitambaa cha gramu 70 kwa mita ya mraba, nje na bitana kwa pamoja hazifiki gramu 16. Anayetaka kupunguza uzito zaidi aangalie klipu na mikanda kwanza. Ncha za mikanda zichomwe kidogo kwa moto zisifumuke.

Matundu ya sindano yazibwe kwa gundi inayolingana na kitambaa: kilichopakwa silikoni hushikwa na gundi ya silikoni tu. Kabla ya kuiamini kazi yako, weka karatasi kavu ndani, funga mdomo na umwagilie mfuko maji kwa dakika kumi. Karatasi ikitoka na doa, doa hilo litakuonyesha mshono wa kurudia.