Dhiraa, pima na kichwa cha mtoto: tupime miili na watoto nyumbani

Mimi hushona kanzu hapa Lamu, na kila ninayemfundisha kazi huanza na kosa moja. Huchukua vipimo vya mtu mzima, akavipunguza vyote kwa kiasi kimoja, akakata kanzu ya mtoto. Urefu huja sawa, mabega hayana taabu, ila shingo haipiti kichwani. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa, na watoto wenyewe wanaweza kuliona hilo kwa alasiri moja.

Tafuta futi ya fundi, kamba isiyovutika ya mita 2, chaki na daftari. Wakusanye watu wa umri mbalimbali: mchanga akiwapo, wa chekechea, kijana, babu. Mkiwa wa rika moja hamtaona mengi.

Hatua ya 1: kimo. Mtoto avue viatu, aegemeze visigino na mgongo ukutani, atazame mbele. Laza kitabu juu ya utosi, kiguse ukuta, kisha piga alama ya chaki chini yake. Futi ya fundi huishia sentimita 150, kwa hiyo kwa watu wazima tia alama kwenye mita 1 kwanza, uendelee kutoka hapo.

Hatua ya 2: pima. Anyooshe mikono pande zote mbili. Tandaza kamba kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya pili, uikate. Hiyo ndiyo pima, ile ile ya mabaharia ya kupimia kina cha maji. Isimamisheni kando ya alama ya ukutani: hukaribia sana kimo cha mwenyewe. Tofauti ya sentimita chache ni ya kawaida, mtoto asiambiwe ana kasoro.

Sasa kunjeni kamba iwe vipande vinne sawa. Kila kipande hukaribia dhiraa yake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa ni shibiri mbili; shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikitandazwa. Waachie wahakikishe wenyewe, kila mmoja kwa mkono wake. Kisha mtoto apime dhiraa ya babu kwa shibiri zake mwenyewe. Hesabu itamkatalia, na hapo ataelewa kwa nini wauza nguo walihitaji kipimo kimoja cha wote.

Hatua ya 3: wayo. Weka wayo kwenye upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Hulingana takriban. Msikae sana hapa.

Hatua ya 4: kichwa. Hapa msiharakishe. Pimeni kutoka utosi hadi kidevu, kisha mhesabu kipimo hicho kinaingia mara ngapi katika kimo. Kwa mtoto mchanga ni kama mara 4. Kwa mtu mzima hufika mara 7 na nusu hivi. Halafu zungusha futi juu ya nyusi na masikio: mchanga hupata kama sentimita 35, wa miaka 5 kama 50, mtu mzima kama 56. Yaani wa miaka 5 kichwa chake kimebakiza kidogo tu kufika ukubwa wa mwisho, lakini miguu bado ina safari ndefu. Ndiyo maana mimi humpima mtoto kichwa kabla sijakata shingo ya kanzu.

Hatua ya 5: sikio. Mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, kichwa wima, ashike sikio la kushoto. Zamani, vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa adimu, walimu wengi walitumia jaribio hili kuamua nani aanze darasa la kwanza. Halikuwa la haki: aliyechelewa kurefuka alirudishwa nyumbani hata kama umri umefika. Lakini linaonyesha wazi tuliyoyapima. Jaribuni na wa miaka 4, kisha na wa miaka 8, mtazame vidole vinakoishia.